Mwenyekiti Hana Kiti

Mjadala huu ulizaliwa na sentensi moja iliyogoma kuandikika.

Mjane mmoja ana shamba la chai na migomba katika kijiji kisicho mbali na Tukuyu. Chini ya migomba, ardhi inaposhuka kuelekea mtoni, kuna kona ya kama robo eka ambayo nguvu zake hazifiki tena. Kijana wa jirani ameiomba apande parachichi, zile za Hass ambazo siku hizi wanunuzi huzifuata mpaka vijijini. Wamekubaliana kwa mdomo. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo wamekuja mjini, wakaketi kwenye mgahawa karibu na stendi, wakamwomba mwalimu mstaafu wa Kiingereza awaandikie. Shemeji wa mjane, kaka mkubwa wa marehemu, amekuja kuwa shahidi. Mpwa wa mwalimu, mwanasheria kutoka Mbeya, alipita kumsalimia mjomba wake tu. Mvua ya Tukuyu ikamfungia ndani pamoja na wengine.

Mwalimu ameandika tarehe. Ameandika majina. Sentensi ya tatu imeanza, "Mama huyu…" na kalamu imesimama. Ana shamba? Anamiliki shamba? Anakalia shamba?

Majina yao tuyaache karatasini. Sisi tusikilize hoja.

Kuwa na

MWALIMU: Tuanze na lililo rahisi. Nikiandika "Mama ana shamba", nani ana neno?

KIJANA: Mimi sina. Ana shamba, kijiji kizima kinajua.

MWANASHERIA: Mimi ninalo, mjomba. Hapa nilipo nina kalamu yako ya akiba. Nina kalamu yako, sawa? Sasa niseme "namiliki kalamu yako" uone kama hawatanicheka. Kwa "nina" unaweza kushika cha mwenzio na bado usiwe umesema uongo.

MWALIMU: Hilo nimelifundisha mpaka nikastaafu. Mwanafunzi anakutana na maneno ya Kiingereza, "have", "own" na "possess". Anafungua kamusi, anaambiwa kuwa na, kumiliki, kuwa na tena. Anaifunga akidhani ni mapacha watatu. Kesho yake anaandika kwenye insha kwamba baba yake "owns" watoto tisa na homa ya matumbo.

KIJANA: Homa ya matumbo nayo akaimiliki!

MWALIMU: Basi nikawa nawapa jaribio. Chukua njaa, chukua haraka, chukua mgeni, chukua mtoto. Nina njaa, nina haraka, nina mgeni, nina mtoto. Hakuna hata kimoja unachokimiliki. Lipasue neno lenyewe: "ni" ndiyo mimi, "na" ndiyo pamoja. Nina shamba maana yake mimi pamoja na shamba. Kiswahili kilivyosema ndivyo na Kinyakyusa kinavyosema, na lugha nyingi za Kibantu: kuwa na kitu ni kuandamana nacho. Mwingereza "have" yake ilianzia kwenye kushika. Mkono wake uko juu ya kitu. Sisi tuko ubavuni mwa kitu.

MZEE: Hapo mwalimu umesema neno la watu wazima. Shamba ni kuwa nalo. Ukilima, unalo. Ukiliacha likaota magugu ukaenda zako, huna. Wazee wetu hawakuwa na karatasi, na walishiba.

Katika hili mzee hasimami peke yake. Kati ya miaka ya 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson waliishi katika nchi hii ya Wanyakyusa wakisikiliza watu walivyosema kuhusu ardhi, ng'ombe na ndoa. Mwaka 1938 Godfrey alichapisha utafiti kuhusu haki za mtu mmoja mmoja katika ardhi ya Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu *Good Company* kuhusu vijiji vya rika. Wavulana waliondoka kwa baba zao mapema, wakajenga vibanda vyao pamoja, wakakua hapo na kuoa hapo. Wakati wao ulipowadia, kizazi cha baba kilikabidhi madaraka kwa sherehe kubwa, ardhi ikapangwa upya na wazee wakasogea pembeni. Mtu alipata pa kulima kwa sababu alikuwa mwenzao wa kijiji. Akigombana nao akahamia kwa malafyale, yaani chifu, mwingine, shamba alilibwaga nyuma. Kuwa na watu kulitangulia kuwa na ardhi.

MAMA: Shemeji, hayo ni kweli, na yamekwisha. Walikuwa wanahama na maharage na mahindi. Mimi nitahama vipi na chai? Mche wa chai unamzika aliyeupanda.

MZEE: Sijasema uhame.

MAMA: Hujasema. Lakini hilo "na" lako ulilolisifu, mimi lilinikuta. Nimeolewa pale nikiwa binti, nimechuma chai na mtoto mgongoni. Mume wangu alipofariki, matanga hata hayajaanuliwa, nikasikia wanaukoo wanasema, "Alikuwa na shamba zuri sana yule marehemu." Alikuwa na! Na mimi niliyekuwa nalo pamoja naye nikawa kama kikapu kilichosahaulika shambani.

MZEE: Mimi sikukufukuza.

MAMA: Hukunifukuza, shemeji, Mungu anakuona. Uliniambia, "Kaa tu." Nami nikajiuliza usiku kucha: jana nilikuwa nalima kwangu, leo nakaribishwa kukaa?

Kukalia

MWALIMU: Ngoja, mama. Hapo umegusa neno la pili. Hilo "possess" ambalo wanafunzi wangu walilifanya pacha wa "have" limetoka Kilatini, na ndani yake kuna kukaa. Mwenye kitu ni aliyekikalia, aliyejikita juu yake. Ndiyo maana neno hilo likazaa na la mapepo: mtu aliyepagawa, Mwingereza husema amekaliwa hivyo hivyo. Pepo hana hati ya kichwa cha mtu. Amekalia tu.

KIJANA: Na sisi si tunasema mtu ana pepo? Sasa nani yuko na nani?

MWANASHERIA: Mahakamani ndiyo swali la kila siku. Mtu anakutwa na meno ya tembo kwenye buti la gari. Anasema, "Si yangu, nimepewa mzigo." Hakimu hamwulizi kwanza kama ni yake. Anamwuliza kama alikuwa nayo, na kama alijua. Kuwa nacho tu kunaweza kukufunga. Kwa upande mwingine, kuwa nacho kunakulinda: aliyekalia kitu sheria humdhania kuwa ndiye mwenyewe, na anayebisha ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

KIJANA: Basi nikikaa miaka kumi na miwili, kona inakuwa yangu. Ndivyo wanavyosema vijiweni.

MWANASHERIA: Vijiweni wamesikia nusu. Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inampa anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri, ikipita amechelewa. Lakini hiyo ni kwa aliyekalia waziwazi kinyume cha mwenyewe. Aliyekaribishwa, aliyekodishwa, aliyeazimwa, hata akikaa mpaka mvi zimtoke ni mgeni yule yule. Mahakama zetu zimelirudia hilo mara nyingi. Mwalikwa hageuki mwenyeji kwa kuchelewa kuondoka.

MAMA: Umesikia, shemeji? Ndiyo maana lile "kaa tu" lilininyima usingizi. Ulikuwa unaniandika mgeni.

MZEE: Sikujua kama neno dogo hivyo lina meno.

MWALIMU: Mwenyekiti, wewe ndiye ungelijua kuliko sisi. Uliongoza kijiji miaka mingapi?

MZEE: Kumi.

MWALIMU: Mwenye-kiti. Kiti kiko wapi?

MZEE: (anacheka) Kiko ofisini. Anakikalia mwingine.

MWALIMU: Basi ulikuwa mwenye kiti usiye na kiti. Hilo "mwenye" letu ni neno la ajabu. Mwenye njaa hana miiko, na njaa yenyewe si mali yake, imempitia. Mwenye duka anaweza kuwa amepanga fremu. Mwenyeji ni mwenye mji, na pengine hana hata kiwanja. Lakini ukisema "mwenyewe kaja", watu wote hutoka shambani mbio. "Mwenye" humwonyesha mtu anayejibu kwa ajili ya kitu kwa wakati ule. Aliyekinunua ni habari nyingine.

KIJANA: Na yule tajiri wa kule juu mwenye eka zimejaa nyasi, ambazo hata ng'ombe wa jirani wakiingia anatoza faini? Yeye mnamwita nani?

MWANASHERIA: Huyo anahodhi.

MAMA: Hodhi si lile birika kubwa la maji?

MWALIMU: Ni hilo hilo kwa sauti, mama, na kwa picha linafaa: maji yamekusanywa, na wewe una kiu. Kuhodhi ni kuwa na kitu kwa namna inayowanyima wengine. Mfanyabiashara aliyenunua sukari yake kwa fedha yake, akaifungia ghalani ili ipande bei, kila gunia ni lake kwa haki, na bado tunasema anahodhi, na kwa kulisema tumeshamlaumu. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi, watu walitupa usiku bidhaa walizozinunua wenyewe, kwa hofu ya kukutwa nazo. Ziliacha kuwa mali, zikawa ushahidi.

Hapa mvua iliongezeka, na mhudumu akaleta chai ya pili bila kuulizwa. Mama akafungua mkoba, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni bahasha, ndani ya bahasha karatasi iliyokunjwa mara moja tu. Aliifuta meza kwa kiganja kabla ya kuiweka. Ilikuwa na picha yake ndogo, jina lake, alama za mipaka, sahihi ya mwenyekiti na ya mtendaji wa kijiji, na muhuri wa ofisi ya ardhi ya wilaya. Nyuma, alama ya dole gumba lake ilikuwa imeenea kidogo upande mmoja, kama mtu aliyebonyeza kwa nguvu zaidi ya alivyoombwa.

Kumiliki

MAMA: Kijiji kilipopimwa nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Nikasema niandikeni. Soma, mwalimu. Inasemaje?

MWALIMU: Hatimiliki ya kimila.

MAMA: Basi andika "anamiliki" tumalize, chai inapoa.

MWANASHERIA: Mama, ninaomba nisieleweke vibaya. Hati hii ni ngao, ishike vizuri. Lakini lugha mbili zimeiita majina mawili yasiyolingana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kwa Kiingereza inaiita hati ya haki ya kukalia ardhi kimila. Kukalia! Ni sisi kwa Kiswahili tulioandika "miliki". Anayesoma Kiingereza anaona kiti, anayesoma Kiswahili anaona kiti cha enzi.

MWALIMU: Kweli kabisa. Miliki ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ndio ule uliozaa neno la mfalme. Kumiliki ni kukitawala kitu.

MAMA: Na mimi nani anatawala migomba yangu?

MWANASHERIA: Wewe. Lakini juu yako kuna mwingine. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka huo huo inasema ardhi yote ni ya umma, iko mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Sisi tuna haki ya kuikalia na kuitumia. Ya kimila inaweza isiwe na mwisho. Ya kupewa na serikali, kama viwanja vya mjini, haizidi miaka 99.

MWALIMU: Mimi nina kiwanja cha aina hiyo, na kila mwaka nalipa kodi ya pango la ardhi. Pango! Nyumba yangu, hati yangu, na bado Kiswahili cha serikali kinaniita mpangaji. Neno moja linanipa ufalme, jingine linanidai pango.

Kitendawili hiki hakikuanza 1999. Tukuyu ilipokuwa Neu-Langenburg, makao ya utawala wa Wajerumani, tayari kulikuwa na amri ya mwaka 1895 iliyosema kwamba ardhi ya koloni, mbali na ile ambayo mtu angeweza kuthibitisha madai yake, haina mwenyewe na kwa hiyo ni ya Dola. Haina mwenyewe, na moshi unafuka juu ya kila kilima. Waingereza wakaja na sheria ya 1923: ardhi yote iwe chini ya Gavana, watu wapewe haki ya kuikalia. Mwaka 1928 wakaongeza kwamba haki hiyo ni pamoja na ile ya wenyeji wanaoishi kwa mila zao. Uhuru ulipokuja, Gavana aliondoka na kiti kikapata mkaliaji mpya. Mwaka 1991 tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi ikisikiliza malalamiko ya ardhi. Ilipendekeza ardhi ya vijiji itolewe mikononi mwa Rais ikabidhiwe mikutano ya vijiji. Serikali haikukubali.

MZEE: Basi mimi ndiye niliyesema kweli tangu mwanzo. Hakuna anayemiliki. Tuko nayo tu. Ni ya waliokufa na watakaozaliwa, sisi tumeshikilia. Ukoo ndio unaojua hilo. Karatasi inamfanya mtu mmoja ajione ukoo mzima, kesho anauza kwa mgeni.

MAMA: Shemeji, hao waliokufa na watakaozaliwa, mbona kila siku wanasema kwa mdomo wa kaka mkubwa?

MWANASHERIA: Mzee, hoja yako ilifika Mahakama Kuu Mwanza. Bi Holaria Pastory, Mhaya, aliachiwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kusema mwanamke, kwa mila, ana haki ya kulitumia shamba la ukoo maisha yake, hana haki ya kuliuza. Yaani ana, ila hamiliki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alisema mila inayompa mwanamume kuuza na kumnyima mwanamke inapingana na Katiba. Mtoto huyo wa ndugu akaambiwa kama analitaka shamba, alikomboe kwa kurudisha fedha ya mnunuzi.

MZEE: Kwa hiyo mwanamke auze, na watoto wa kiume walale wapi?

MAMA: Sijauza. Nimekaa nalo na chai yako unakunywa. Wewe unaogopa nisije nikauza. Mimi niliogopa nisije nikafukuzwa. Hofu hizi mbili hazilingani uzito.

Hapakuwa na aliyejibu haraka. Mwanasheria ndiye aliyerudisha kikao kwenye maneno.

MWANASHERIA: Niongeze jambo moja ili nisionekane nimekuja kubomoa hati ya mama. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa mkoani Arusha. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kufuta haki za kimila za watu walioguswa na operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Majaji wakasema: ni kweli haki ya kimila ni haki ya kukalia na kutumia tu. Lakini haki hiyo yenyewe ni mali, Katiba inailinda, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Yaani humiliki udongo, lakini unamiliki kule kuwa nao.

MWALIMU: Rudia hapo, mpwa wangu.

MWANASHERIA: Unamiliki kule kuwa nao.

KIJANA: Hiyo dada ungeiandika kwenye kanga.

MWALIMU: Sasa naliona kosa langu la miaka yote ile darasani. Niliwafundisha wanafunzi kuuliza, "Neno hili lina nguvu kiasi gani?" Nikapanga ngazi: "have" chini, "possess" katikati, "own" juu. Si ngazi. Swali lilikuwa, "Neno hili linamtazama nani?" Kuwa na kunakitazama kitu chenyewe: mimi na shamba langu alfajiri, hakuna mtu wa tatu. Kukalia kunamtazama anayepita njiani: aone moshi, ajue pana mtu. Kuhodhi kunawatazama walionyimwa. Kumiliki kunamtazama yule atakayekuja kusema "toka".

MAMA: Ndiyo hilo. Nikiwa peke yangu shambani sihitaji "miliki". Sijawahi kuiambia migomba kwamba naimiliki. Neno hilo nalihitaji kikao cha ukoo kinapoitishwa.

MZEE: Na kaburini, mwalimu? Neno gani linatazama kaburini?

MWALIMU: Hapo, mwenyekiti, Kiingereza kina siri moja nzuri. "Own" yao na "owe", kudaiwa, yametoka katika mzizi mmoja wa zamani. Mwenye kitu na mdaiwa walitoka tumbo moja.

MZEE: Hiyo sasa ni Kinyakyusa safi. Ndaga, asante, mwalimu.

Jasho

KIJANA: Naombeni nami niseme, wazee wangu. Mmetoka kwa Wajerumani mkafika Mahakama ya Rufani, yote ni ardhi. Mimi ardhi sina na sijaiomba. Nimekodi mashamba ya viazi misimu minne, kila msimu kwa mtu mwingine. Kila mwenye shamba ananiambia neno lile lile: panda viazi, panda maharage, usipande mti. Kwa nini?

MZEE: Kwa sababu mti unaongea. Kiazi ukikivuna kimenyamaza. Mti unabaki umesimama unasema, "Aliyenipanda alikuwa hapa." Ndivyo mambo yalivyobadilika huku. Kahawa na chai zilipoingia, mtu akakataa kuhama.

Mzee amegusa alichokiandika P. H. Gulliver mwaka 1958 alipochunguza ardhi ya Wanyakyusa: mazao ya kudumu na uhaba wa ardhi vilikuwa vikivigandisha vile vijiji vya rika, baba akianza kumwachia mwanawe shamba badala ya kulikabidhi kwa kizazi. Mwaka huo huo wa 1958, serikali ya kikoloni ikifikiria kuruhusu umiliki wa kudumu wa ardhi unaouzika, Julius Nyerere aliandika kulipinga wazo hilo. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na mtu hupata haki juu ya kile alichokiongeza kwa nguvu zake. Miaka miwili baada ya Uhuru, 1963, umiliki huo wa moja kwa moja ulifutwa hata kwa wachache waliokuwa nao.

KIJANA: Basi mimi niko na Nyerere. Ardhi ya mama, sijui na Rais, sijui na marehemu, mtajuana. Lakini parachichi inachukua kama miaka mitatu kabla hujaonja tunda. Miaka mitatu nachimba mashimo, nabeba samadi kichwani, napalilia, nakata matawi. Hilo jasho neno lake ni lipi? Maana "nina" halitoshi, nikifukuzwa mwaka wa nne sina. "Nakalia" si kweli, silali pale. "Namiliki" mama ataniita mwizi.

MWANASHERIA: Sheria inaliita maendelezo, na ikitwaliwa ardhi hulipwa fidia.

KIJANA: Hiyo ni serikali ikinitoa. Je, akinitoa mama?

MAMA: Nikutoe kwa nini, mwanangu?

KIJANA: Si wewe, mama. Hatujui ya kesho. Wewe mwenyewe uliambiwa "kaa tu".

Mama alimtazama kijana kwa muda. Kisha akaichukua hati yake, akairudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye nailoni, nailoni kwenye mkoba.

MAMA: Mwalimu, andika. Nitasema mwenyewe. Andika: "Mimi namiliki kona hii kwa hati ya kimila." Hilo linamtazama yeyote atakayekuja. Shemeji, una neno?

MZEE: Andika.

MAMA: "Kijana huyu nimemkodisha aitumie." Usiandike akae. Andika aitumie.

MWALIMU: Aitumie. Kwa muda gani?

KIJANA: Miaka kumi na miwili, mti uwe umelipa.

MZEE: Kumi na miwili! Si ndiyo ile ya vijiweni?

MWANASHERIA: Mzee, amekodishwa, nimeshaeleza, hata mia haimpi ardhi.

MZEE: Nimekuelewa, binti yangu. Lakini vijiweni hawajakuelewa.

MAMA: Andika kumi na mmoja.

MWALIMU: Kumi na mmoja. Miti je?

MAMA: "Miti ni yake na matunda ni yake. Siku akiondoka, au nikimwondoa, miti ihesabiwe, alipwe thamani yake. Nikifa, atakayelichukua shamba anachukua na deni hili."

KIJANA: Asante, mama.

MWANASHERIA: Na nakala moja ipelekwe serikali ya kijiji, waijue na waibariki. Isibaki siri ya mgahawani.

Mwalimu alisoma karatasi yote kwa sauti, polepole, kama imla. Neno "ana" halikuonekana hata mara moja. Mama akabonyeza dole gumba, kijana akaandika jina lake lote kwa herufi kubwa. Nje mvua ilikuwa imepungua, na sauti za makondakta wa Mbeya na Kyela zikaanza kusikika tena stendi.

Ikabaki sahihi ya shahidi. Mzee alikuwa upande wa ukutani, mkono wake haukufika penye karatasi. Mwalimu akainuka akamwachia nafasi yake.

"Kaa hapa, mwenyekiti."

Mzee akakaa, akatia sahihi, akainuka.